Kilo Tisa na Robo

Ulukman nimemfunga ndani ya koti langu,
pumzi yake yanipasha kifua kama kikombe cha chai.
Jibek nimempakia mbele, ashike manyoya ya shingo ya farasi.
Tangu tuvuke daraja ana swali moja tu:
"Sindano ni ndefu kiasi gani?"
Nikamwambia, kama unywele wa mkia wa farasi.
Akageuka, akauangalia mkia,
ule unaokaribia kugusa theluji,
akanyamaza mpaka zahanati.

Jibu la kipumbavu. Mama yake angepata jingine.

Zahanati ni vyumba viwili na jiko la samadi kavu.
Batma-eje, dada mkubwa wa bonde zima,
anapasha viganja joto kabla hajamgusa mtoto;
viganja hivyo hivyo vilinishika mimi
mwaka nilioipiga teke trei yake, dawa zote chini.
Hajasahau. "Huyu asije akawa kama wewe," anasema.
Chanjo zimekuja na gari la Jumanne kutoka Naryn
ndani ya sanduku la barafu,
kana kwamba sisi huku tunanunua barafu.

Anafungua daftari jipya.
La zamani liko chini yake, jalada limechanika,
na ndani, najua, upo mstari wa dada yangu Begaim:
tarehe mbili, kisha nafasi nyeupe.
Surua. Barabara ilifungwa siku kumi na moja.
Hatulizungumzii. Batma-eje huliacha tu pale,
kama mtu awekaye jiwe juu ya karatasi zisipeperuke.

Ulukman uchi juu ya mizani, kofia tu kichwani,
kofia hataki ivuliwe, basi tunakubaliana kuisamehe.
Mshale unacheza, unarudi nyuma, unasita, unasimama.
Kilo tisa na robo.
Nimepima sufu tangu nipate akili,
sijawahi kuuliza mara tatu.

Sindano, niseme ukweli, sikuiona.
Niliangalia dirisha: ng'ombe wa mtu akilamba ukuta.
Nikasikia kimya, kile kimya kirefu
ambamo mtoto hukusanya hewa yote ya chumba,
kisha kilio.
Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, walisema wahenga.
Hawakumtaja mzazi aliyekuwa akiangalia ng'ombe.

Jibek amekwisha kukunja mkono wa sweta,
macho kayafumba, meno kayauma.
"Wewe bado, mpaka uanze shule."
Nilidhani atashukuru.
Aliangua kilio kikubwa kuliko cha mdogo wake:
saa mbili juu ya farasi ameubeba woga wake,
sasa aupeleke wapi?
Batma-eje akambandika plasta pasipo na kidonda,
na njia nzima ya kurudi mkono ule uliinuliwa juu,
asiuguse mtu, asiuguse hata upepo.

Mtandao kwetu hupatikana kwenye kilima cha makaburi tu.
Nilipanda na wote wawili, mmoja kalala, mmoja kanuna.
Nurzat anafanya kazi ghala la mboga, Yekaterinburg;
alimwacha huyu akiwa kilo saba kasoro.
Hakuuliza alilia kiasi gani.
Aliuliza uzito.
Nikamwambia.
"Na kofia?"
Nikamwambia na kofia.

"Subiri," akasema, akaiweka simu juu ya kitu.
Nikasikia gunia likikokotwa,
vitunguu vikiporomoka kwenye mizani,
halafu kimoja, halafu kimoja,
halafu kimoja akakiondoa.
Kisha hatua zake mle ghalani, polepole,
huku, na huko, na huku tena,
mtu akimpigia kelele kwa Kirusi, yeye hajibu.

Aliporudi kwenye simu alikuwa anahema.
"Amekuwa mzito," akasema.